Mkuu wa shule anaposema "ni Kifaransa tu"

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nafundisha Kifaransa cha msingi, yaani kama somo moja kati ya mengine, darasa la 4 hadi la 8, kwenye shule ya Kiingereza hapa Ontario, Kanada. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Sina chumba, nasukuma toroli ya vitabu darasa hadi darasa. Kukiwa na mkutano wa shule nzima, mazoezi ya tamasha au maandalizi ya mtihani wa jimbo, kipindi kinachokatwa ni changu. Nikilalamika, mkuu wa shule ananijibu kwa upole: 'Nakuelewa, lakini ni Kifaransa tu.' Wiki iliyopita amewaondoa kwangu watoto wawili wahamiaji ili wapate muda zaidi wa Kiingereza. Si mtu mbaya, watoto wanampenda. Je, mtazamo wa mkuu wa shule hubadilika, au nitafute shule nyingine?"

Marahaba, mwalimu. Pole na kazi, na pole zaidi kwa hiyo toroli. Niliisukuma mwenyewe miaka minne kabla sijawa mshauri wa walimu wa Kifaransa kwenye bodi ya shule, ile inayosimamia shule nyingi za eneo moja, na hadi leo nakumbuka gurudumu la mbele lililokuwa likikwama kwenye kizingiti cha darasa la 6. Unafika umechelewa, watoto wameshaanza kusimamasimama, ubao umejaa hesabu na pembeni mwenye darasa ameandika kwa herufi kubwa: USIFUTE. Unabaki na kona ya ubao isiyozidi upana wa gazeti. Mtoto anayekutazama ukibananisha vitenzi kwenye kona ile amekwisha kujifunza jambo kuhusu hadhi ya Kifaransa, na wewe hujafungua hata mdomo.

Ninakusimulia haya kwa sababu mtazamo wa mkuu wa shule hauonekani sana kwenye kauli zake. Nimefanya kazi na wakuu waliokisifia Kifaransa kila mkutano wa wazazi, huku mwalimu wao wa Kifaransa akipangia masomo yake kwenye stoo ya vifaa vya michezo. Ukitaka kujua mkuu anaamini nini, angalia ratiba, angalia vyumba vimegawiwaje, kisha sikiliza anauliza nini akitoka darasani kwako.

Nikujibu sasa: ndiyo, hubadilika, nimeona kwa macho yangu. Ila sijawahi kuona mkuu aliyebadilishwa na hotuba, wala na barua ndefu ya malalamiko. Wote niliowaona wakibadilika walianza kwa kukubali jambo moja dogo, wakaona linaleta nini kwa watoto, na imani ikafuata taratibu. Kwa hiyo usishindane na imani yake. Shindana na ratiba yake. Na kwa hilo inabidi ujue ile "tu" imetoka wapi, maana haikuzaliwa shuleni kwenu.

Kanada ilipitisha Sheria ya Lugha Rasmi mwaka 1969, na serikali ya shirikisho imekuwa ikichangia fedha za elimu ya lugha ya pili tangu 1970. Lakini elimu yenyewe iko mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina lake. Alberta hailazimishi Kifaransa. British Columbia inataka mtoto asome lugha ya pili darasa la 5 hadi la 8, bila kusema lazima iwe Kifaransa. Kwenu Ontario kinalazimishwa darasa la 4 hadi la 8, halafu sekondari inatakiwa krediti moja basi, yaani kufaulu kozi moja tu. Watoto wengi huichukua darasa la 9 na kuaga. Mkuu wa shule ya msingi anayejua hivyo anaona somo ambalo mwisho wake unajulikana, na huanza kuligawia muda kama mgeni wa siku mbili.

Tena mwenyewe alilelewa na mfumo huo huo. Kwa mujibu wa sensa ya 2021, Wakanada wanaoweza kuzungumza Kiingereza na Kifaransa ni asilimia 18, na nje ya Québec, jimbo la wazungumzaji wa Kifaransa, ni asilimia 9.5 tu. Ina maana uwezekano ni mkubwa kwamba mkuu wako hawezi kufuata somo lako. Zamani nilipokuwa naendesha mafunzo ya wakuu wa shule, nilikuwa nawagawia kadi tupu na kuwaomba waandike chochote walichobaki nacho kutoka masomo yao ya Kifaransa. Karibu kila kundi zilirudi kadi zenye sentensi ile ile: "Puis-je aller aux toilettes?" Miaka mitano ya masomo, na kilichobaki ni ruhusa ya kwenda chooni. Walikuwa wanacheka, lakini mama mmoja aliandika chini yake: "Nilikuwa naogopa kila siku ya Kifaransa." Alikuwa mkuu wa shule yenye wanafunzi mia kadhaa. Tangu siku ile sikumhukumu tena haraka mkuu anayesema "tu". Mara nyingi anasema kuhusu Kifaransa alichofundishwa yeye, na kwa hicho huenda ana haki.

Kuna jambo la pili ambalo walimu wengi wapya hawalioni, na ndilo naliona kuwa zito kuliko yote. Katika shule nyingi za Ontario, kipindi chako ndicho kipindi cha mwenye darasa kuandaa masomo yake. Wewe ukiingia, yeye anatoka. Ni haki yake kwa mkataba. Mkuu anapopanga ratiba, hatafuti saa nzuri ya Kifaransa. Anatafuta mtu wa kuziba pengo ili mwenzako apate muda wake. Ndiyo sababu darasa moja linakuona asubuhi na jingine kipindi cha mwisho cha siku, na ndiyo sababu kipindi kikikatwa kwa tamasha, hakuna anayepiga kelele. Mkuu hajakaa akaamua kwamba Kifaransa hakina thamani. Amekirithi kama kiraka, na kiraka hakipewi chumba.

La tatu ni mtihani wa jimbo. Darasa la 3 na la 6 wanapimwa kusoma, kuandika na hesabu, matokeo yanachapishwa, na mpango wa maendeleo wa shule unaandikwa kuyafuata. Kifaransa hakimo. Hakuna msimamizi wa bodi atakayemwita mkuu wako kumuuliza kwa nini watoto wa darasa la 7 hawajui kusimulia jana walifanya nini. Mtu hulinda anachoulizwa.

Na la nne halisemwi hadharani: hofu. Mkuu wa shule ndiye anayetathmini walimu, na wewe ukiwa mwalimu mpya ulipaswa kutathminiwa mara mbili katika miezi yako 12 ya kwanza. Fikiria amekaa nyuma ya darasa na fomu mkononi, somo lote linakwenda kwa lugha asiyoielewa. Atapima nini? Atapima utulivu. Nilisoma ripoti nyingi za aina hiyo: "Wanafunzi walikuwa watulivu, kuta zimepambwa vizuri." Darasa la lugha lililo tulivu mno ni darasa ambalo watoto hawazungumzi, lakini yeye angelijuaje? Basi anaanza kukwepa kuja, na asipokuja hana picha nyingine ya Kifaransa zaidi ya ile ya utotoni mwake.

Ongeza uhaba wa walimu. Ukiugua, mwalimu wa kujazia anayejua Kifaransa hapatikani. Ukihama, huenda nafasi yako ikashikwa na mtu asiye na cheti cha ualimu, kwa kibali maalumu. Mkuu aliyetafuta mwalimu wa Kifaransa mwezi wa Agosti hadi akakata tamaa huanza kushusha matarajio ili asiumie. Hilo nalo ni mtazamo, ila mzizi wake ni uchovu.

Sasa tuje kwenye ratiba, kwa sababu hapo una hoja ambayo mkuu yeyote anaielewa bila kujua neno moja la Kifaransa. Wizara inataka mtoto awe amepata saa zisizopungua 600 za Kifaransa cha msingi anapomaliza darasa la 8. Kwa miaka mitano ni saa 120 kila mwaka, na kwa kawaida zinapatikana kwa dakika 40 kila siku, yaani dakika 200 kwa wiki. Kikatwe kipindi kimoja tu kila wiki, umeondoa moja ya tano: saa 24 kwa mwaka, saa 120 kwa miaka mitano. Huo ni mwaka mzima wa masomo. Kisha chukua toroli. Ukipoteza dakika tano kila kipindi kwa kuhama, kupanga vitabu na kutafuta kona ya ubao, hizo ni moja ya nane, saa 15 kwa mwaka.

Niliwahi kumwandikia mkuu mmoja hesabu hiyo kwenye karatasi ya ukubwa wa kiganja, bila lawama, bila neno "haki". Chini niliweka swali: tukiondoa saa hizi, mtoto wa darasa la 8 anakuwa amesoma miaka mingapi? Aliitazama muda mrefu. Hakunijibu siku ile. Muhula uliofuata mazoezi ya tamasha yalipangwa kwa zamu, kila wiki yakikata somo tofauti. Chumba hatukupata, lakini kipindi kilirudi.

Kwa hiyo wiki hizi tatu zijazo weka daftari. Tarehe, darasa, dakika zilizopotea, sababu. Usimwonyeshe kila siku, na usiliite ushahidi. Ukifikisha wiki tatu, omba dakika 15 ofisini kwake, muonyeshe jumla, na uombe kitu kimoja kinachowezekana. Mimi ningeomba chumba kwanza, hata nusu chumba, hata kona ya maktaba kwa darasa la 7 na la 8 pekee. Na uombe wakati wa machipuko, kabla ratiba ya mwaka ujao haijachapwa. Septemba ni kuchelewa; vyumba vimekwisha na kila mtu ameshabandika picha zake ukutani.

Kuhusu kuja darasani, usimwalike aje "kuona Kifaransa". Mpe kazi ambayo anaiweza. Mwambie aje dakika 10, aangalie mambo matatu: nani anazungumza zaidi, mimi au watoto, watoto wanaambiana wenyewe kwa wenyewe au wananijibu mimi tu, na mtoto akikwama anafanya nini, anatafuta njia kwa ishara na maneno aliyonayo au anakimbilia Kiingereza? Hayo yanaonekana kwa macho. Kwa bahati nzuri yanakwenda sawa na mtaala wa Kifaransa wa Ontario uliotolewa upya mwaka 2013 kwa shule za msingi, ambao unatanguliza kusikiliza na kuzungumza kwa mambo ya kweli badala ya kukariri orodha za vitenzi. Mkuu akitoka pale anaweza kukuuliza swali la maana, na akishauliza swali la maana hofu imepungua nusu.

Halafu rekodi sauti. Nina kisa kimoja ninachokirudia kila ninapopata nafasi. Mwalimu mmoja niliyekuwa namsaidia alimrekodi mvulana wa darasa la 5 mwezi wa Oktoba, sekunde 30, akijibu swali la anachopenda. "Je… euh… j'aime… hockey." Akamrekodi tena Februari: anapenda mpira wa magongo kwa sababu anacheza na kaka yake, halafu "mais" anachukia kuamka mapema Jumamosi, "parce que" uwanja una baridi. Makosa yalikuwapo, tena mengi. Mkuu wa shule hakujua Kifaransa hata kidogo. Alisikiliza rekodi ya kwanza, akasikiliza ya pili, akaomba arudiwe ya pili. Akasema: "Hakwami tena katikati." Alikuwa amesikia kitu cha kweli kabisa: vituo vimeisha, mtoto anaunganisha mawazo. Mwezi uliofuata alimwomba yule mvulana asome tangazo la asubuhi kwa Kifaransa kwenye spika za shule. Kisha akaanza kusoma tarehe yeye mwenyewe, kila Alhamisi, na watoto wa darasa la 4 walimsahihisha "jeudi" yake ukumbini bila woga. Mkuu wa shule anayekubali kusahihishwa mbele ya watoto anafanya kwa ajili ya lugha hiyo kazi ambayo wewe peke yako huiwezi.

Sasa watoto wako wawili. Hapa, mwalimu, sitaki uwe mpole kama ulivyokuwa kwenye toroli, kwa sababu wao wanapoteza kitu ambacho hawawezi kukidai.

Mkuu anaamini, na kwa nia njema, kwamba Kifaransa kinakula nafasi ya Kiingereza. Ni hofu ya zamani. Wazazi wa Saint-Lambert karibu na Montréal waliposukuma lianzishwe darasa la watoto wa Kiingereza wanaofundishwa kwa Kifaransa mwaka 1965, hofu ilikuwa hiyo hiyo: Kiingereza chao kitaharibika. Watafiti Wallace Lambert na Richard Tucker wa Chuo Kikuu cha McGill waliwafuatilia watoto wale kwa miaka, na Kiingereza hakikuharibika. Kwa wahamiaji, kazi za Callie Mady wa Nipissing University zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba watoto waliokuja na lugha nyingine wanaweza kufanya Kifaransa sawa na wenzao waliozaliwa Kanada, na mara nyingine kuwapita. Haishangazi. Mtoto aliyekwisha kupambana na lugha mbili anajua namna ya kukisia maana, kuomba kurudiwa, kuvumilia kutoelewa kila kitu. Kwa watoto wenye ugumu wa kujifunza, Fred Genesee, naye mtafiti wa McGill, ameandika kwa miongo kadhaa kwamba kuwaweka kwenye Kifaransa hakuwazidishii tatizo ukiwalinganisha na wenzao wa hali ile ile walio kwenye Kiingereza pekee.

Wala huhitaji kumletea makala za chuo kikuu. Wizara ya Elimu ya Ontario yenyewe ilitoa mwongozo mwaka 2015 kuhusu kuwajumuisha wanafunzi wenye mahitaji maalumu katika Kifaransa, na mwingine mwaka 2016 kuhusu kuwakaribisha wanaojifunza Kiingereza. Ni nyaraka za bosi wake. Chapisha kurasa mbili, usichapishe zote.

Ila hoja itakayomgusa, naamini, ni hii. Kama watoto hao wako darasa la 4, kipindi chako ndicho kipindi pekee cha siku ambacho hawaanzi nyuma ya mtu. Kwenye kusoma wako nyuma, kwenye sayansi wanahangaika na maneno, uwanjani wanakosa utani. Kwenye Kifaransa, darasa zima linaanza na "bonjour". Na kama wametoka nchi ambako Kifaransa ni lugha ya shule, basi mmemtoa darasani mwanafunzi bora wa darasa. Muulize mkuu ni kipindi gani kingine watoto hao wananyoosha mkono. Kama wamekuja darasa la 7 hali ni tofauti, kwa sababu wenzao wana miaka mitatu mbele. Hapo wape kazi zao wenyewe za kiwango cha mwanzo ndani ya darasa lako, na umwambie mkuu mapema utafanyaje. Mwombe yeye, wewe na mwalimu wa Kiingereza mkae pamoja mtafute muda mwingine wa msaada. Upo.

Usibebe haya peke yako. Bodi yako ina mtu anayeshughulikia Kifaransa, mpigie, na umwombe aje shuleni kwa jina la kumsaidia mkuu, si kumkagua. Wazazi nao wana nguvu kuliko wanavyojua: Canadian Parents for French, chama kilichoanzishwa 1977, kina matawi kila jimbo, na mzazi mmoja kwenye baraza la shule anayeuliza "watoto wetu wanapata dakika ngapi za Kifaransa kwa wiki?" anafanya somo lako liwe kitu kinachoulizwa. Ukumbuke lile nililosema kuhusu mtihani. Usimtume mzazi kwa siri, lakini. Mkuu akigundua, na huwa wanagundua, mlango unafungwa. Mwambie wazi kwamba wazazi wanauliza, na ungependa mjibu pamoja.

Kuhama? Unaweza. Kwa uhaba ulivyo, mwalimu wa Kifaransa mwenye cheti hakosi shule, na sitakulaumu. Ningekushauri tu ujipe hadi Juni. Mkuu ambaye si mbaya, anayependwa na watoto na anayejibu kwa upole ana nafasi ya kubadilika kuliko unavyodhani. Mkuu niliyeshindwa kumbadilisha mimi alikuwa mkarimu wa maneno na hakuwahi kukanyaga darasani. Juni ikifika wako hajaja hata mara moja, ratiba imetoka vile vile na watoto wale wawili bado wako nje, andika barua ya uhamisho bila kujiona umewasaliti. Kabla ya hapo, chagua mtoto mmoja wa darasa la 5, si yule hodari, yule wa katikati anayekwama kila neno la tatu. Mwombe mzazi wake ruhusa, na urekodi sekunde 30 za kwanza wiki hii.